Bando la Rambirambi

Neno fursa silitaki tena masikioni mwangu. Nililisikia kwa mara ya kwanza likisemwa kwa mkazo katika ukumbi wa hoteli moja hapa Ifakara, miaka miwili iliyopita, na kila aliyesimama mbele alilirudia mpaka likaanza kunichosha. Tanzania ni soko changa la gemu, walisema. Vijana ni wengi, simu janja zinashuka bei, na kampuni kubwa za nje zimejazana kwingine; atakayewahi huku ndiye atakayekula. Mgeni mmoja mrefu, masikio yamemwiva kwa jua, alituonyesha ramani ukutani. Bonde lote la Kilombero lilikuwa limepakwa rangi ya kijani, na mimi nikadhani ni kwa sababu ya mpunga. Tukaambiwa kijani maana yake ni mahali ambapo kampuni nyingine bado haijafika.

Nilikuwa nimekaa safu ya nyuma nakula biskuti zao. Naitwa Masalu. Wazazi wangu walikuja na ng'ombe kutoka Shinyanga nikiwa mdogo, wakakaa upande wa Lupiro, na mimi shule ikanitoa kwenye ng'ombe ikanipeleka kwenye kompyuta. Wakati huo nilikuwa na kibanda cha kutengeneza simu karibu na soko. Kampuni ilikuwa inatafuta mwakilishi wa bonde, na katika ukumbi ule aliyeuliza swali kwa Kiingereza nilikuwa peke yangu. Wiki iliyofuata nikapewa fulana, pikipiki na cheo. Nilifurahi, sitadanganya. Nilizunguka na ile fulana mpaka mama akaniuliza kama sina nguo nyingine.

Gemu yao ya kwanza kwa ajili ya nchi yetu ilikuwa drafti. Hapo sikuwacheka, walikuwa wamefanya kazi yao: waliona kwamba penye benchi na watu wawili wasio na haraka, pana ubao na vizibo vya soda. Wakaitengeneza nzuri, yenye kete zinazong'aa. Tukaigawa kwa watu hamsini wa majaribio, Ifakara, Mchombe na Lupiro. Walicheza raundi mbili tatu, wakasifia, kisha wakarudi kwenye vizibo vyao.

Bosi wangu alikuwa dada mmoja wa Dar es Salaam anaitwa Nelly, mchapakazi, asiyependa mzunguko. Alinipigia kuniuliza kasoro ni nini. Nikamwambia ukweli, kwamba simu haitukani. Drafti bila maneno ni kuhamisha vizibo tu. Mtu anakuja benchini kutukana na kutukanwa, ushindi ni kisingizio. Akauliza ni nani anayetukana vizuri kuliko wote Ifakara.

Nikamtaja Twalib. Laiti ningeumwa jino siku ile.

Twalib alikuwa na duka la spea za baiskeli: spoki, tairi, gololi na mafuta ya mnyororo. Babu yake alikuja bondeni na biashara kutoka Kisarawe, Mzaramo halisi, na mimi ni Msukuma, kwa hiyo tulikuwa watani kabla hatujajuana majina. Siku ya kwanza niliyoingia dukani kwake kununua tyubu aliniuliza kama ni ya baiskeli au ya kumfunga ndama. Ndivyo ulivyo utani. Mtani akikutusi huna ruhusa ya kununa. Ukifiwa, anakuja msibani kukucheka huku anakuchotea maji na kukupasulia kuni. Ukifa wewe mwenyewe, anashuka kaburini mwako na kukataa uteremshwe mpaka alipwe kitu, na waombolezaji wanacheka na machozi usoni. Bila mtani, maziko yanakuwa ya kulia tu.

Kwa miaka sita tulicheza drafti kwenye benchi la duka lile karibu kila jioni. Alikuwa na sauti nzito yenye mkwaruzo, na kabla ya kutoa neno kali alikuwa anakohoa kidogo, kikohozi cha makusudi, ili wapita njia wasimame. Nimefungwa na yule mtu mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri.

Kampuni ikaleta mtaalamu wa kurekodi, kijana mgeni asiyejua neno la Kiswahili. Tukapanga chumba cha gesti, tukaziba dirisha kwa godoro. Twalib akaja amevaa kanzu ya Ijumaa. Akawekwa mbele ya maikrofoni, akaambiwa atukane. Mtu yule, ambaye soko zima lilikuwa linamwogopa mdomo, akasema kwa adabu, "Tafadhali, sasa ni zamu yako." Akajaribu tena, akazidi kuwa mpole. Mwisho akakasirika.

"Nimtukane nani?" aliniuliza. "Hiki chuma? Kaa hapa mbele yangu, Msukuma, uone."

Nikakaa. Tukaweka ubao katikati, na ile maikrofoni tukaisahau. Siku mbili tulicheza mle ndani kwenye joto la godoro, na kila alichosema alikisema kwangu. Aliniuliza kama nimelala, maana ng'ombe wangu wameshaingia kwenye mpunga wa watu na mimi bado natafuta kete. Alisema Msukuma akiona kete imekuwa kingi anadhani ni fahali. Alisema hapa siyo Shinyanga, hapa watu wanafikiri kwanza. Mimi nami nilikuwa namjibu, kwamba Mzaramo akisikia ngoma anaacha hata maiti njiani. Majibu yangu yalikatwa baadaye, kwa sababu mchezaji ndiye aliyepaswa kujibu, nyumbani kwake, kwa mdomo wake.

Siku ya pili, nikichelewa kusogeza kete, alikohoa kile kikohozi chake akasema, "Wewe hata siku ya kunizika utachelewa. Utasema njia mbovu."

Nikamjibu hapo hapo, "Nitawahi. Nani mwingine atakukatalia kaburini mpaka alipwe jogoo?"

Tulicheka mpaka kijana wa kurekodi naye akacheka, bila kujua anacheka nini.

Gemu ilipotoka na sauti ile, bonde liliwaka. Mchombe walikuwa wanaicheza kwenye magunia ya mpunga wakisubiri mashine. Ulikuwa unapita kwenye kijiwe cha bodaboda unasikia "Masalu, umelala?" na vijana wasionijua wananiita kwa sauti ya Twalib. Malipo yake yalinunua benchi jipya la dukani na kanzu nyingine, na hakuomba zaidi. Yeye mwenyewe hakuwahi kuwa na gemu. Simu yake ilikuwa kitochi, ya kupiga na kumulika njia, na alisema simu ya kupangusa kwa kidole ni ya watu wenye mikono misafi.

Aliyeicheza kuliko wote alikuwa mkewe, Zena. Kila nilipopita kwao nilimkuta na simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari, anakata mchicha kwa mkono mmoja na kwa mwingine anasogeza kete. Aliwahi kuniambia sababu. Twalib nyumbani alikuwa mkimya. Maneno yote aliyamaliza dukani, akirudi anakula, anasikiliza taarifa ya habari, analala. Mke wa mtu maarufu kwa mdomo alikuwa hajawahi kutaniwa. Sasa alikuwa anaupata ule utani mchana, jikoni, na akishindwa anacheka peke yake. Nililichukulia kama jambo la kuchekesha.

Mwanzoni mwa mwaka huu Nelly alinitumia fomu. Kampuni ilikuwa imeandikisha gemu kwenye nchi nyingine tatu, na kwa hiyo makao makuu yalitaka kujua sauti zote zinasema nini. Sentensi zilikuwa mia na kitu. Kila moja niandike tafsiri yake ya Kiingereza, na mbele yake kulikuwa na swali moja: je, sentensi hii inadhihaki kabila la watu? Ndiyo au hapana.

Niliijaza mchana mmoja Mchombe, kwenye simu, nimekaa juu ya pikipiki nikisubiri mtu. Nilitafsiri maneno kama yalivyo. Lile la ng'ombe kuingia mpungani, katika bonde ambalo wafugaji na wakulima wameshafikishana polisi na mahakamani kwa jambo hilo hilo, nililiandika kama lilivyo. Lile la mazishi nalo, ambalo kwa Kiingereza changu lilitoka kama kitisho. Na kwenye swali nilijibu ndiyo. Ndiyo, ndiyo, ndiyo, mpaka chini. Ningejibu nini? Si kweli alikuwa ananidhihaki? Neno utani sikuliandika popote. Halikunijia hata kichwani. Nani anamweleza mtu utani? Ni kumweleza mtu kwamba maji ni ya kunywa. Nilibonyeza tuma, nikajiona nimefanya kazi safi na ya haraka.

Wiki tatu baadaye Nelly akaniandikia kwamba sauti itabadilishwa katika toleo jipya. Nikampigia. Nikaeleza sana, nikasema mimi ndiye Msukuma mwenyewe ninayetukanwa na sijalalamika. Nelly alinielewa, na yeye ana watani wake. Lakini alisema huko juu wanasoma fomu, na fomu nimeijaza mimi. Sheria zao kuhusu chuki za kikabila hazina nafasi ya maelezo. Aliniomba nimwambie mzee Twalib kwa upole.

Sikumwambia. Kila jioni nilikwenda pale benchini nikiwa na nia ya kusema, na kila jioni alinianza yeye na utani wake na mimi nikacheza, nikafungwa, nikaondoka. Nikajipa sababu. Jambo kama lile linasemwa kwa nafasi, si wakati mtu ana wateja. Mwezi wa nne nikatumwa Masagati, huko mbele ya Mlimba, nikatafute mawakala kabla kampuni nyingine haijatangulia. Nikasema nitamwambia nikirudi. Nilipomuaga alinitazama jinsi nilivyofunga mizigo kwenye pikipiki, akauliza kama nahamia na ng'ombe.

Masika ya mwaka huu mliyaona wenyewe. Nilifika Masagati kwa siku mbili, nusu ya njia nikiisukuma pikipiki. Toleo jipya lilitoka Jumatatu, nikiwa huko. Mtandao ulikuwa unapatikana sehemu moja tu, juu ya kilima nyuma ya shule, na nilikuwa napanda asubuhi na jioni kutuma ripoti zangu kuhusu fursa za Masagati, ambako watu walikuwa wanauliza lini wataletewa zahanati.

Jumatano jioni nilipanda, simu ikaingiza ujumbe mfululizo. Twalib alikuwa amelalamika kichwa baada ya swala ya adhuhuri, akalala, hakuamka. Presha, walisema. Walikuwa wanamzika kesho yake saa nne asubuhi.

Niliteremka kilima kile mbio. Niliomba, nilibembeleza, nikatoa ahadi ambazo nisingeweza kuzitimiza. Mto ulikuwa umefunika daraja la miti, na dereva wa trekta la pekee aliniambia kwa heshima kwamba yeye ana watoto. Nikalala na nguo. Alfajiri nikarudi mtoni nikakuta maji yamepanda zaidi. Saa nne ilinikuta juu ya kilima nimesimama na simu mkononi, na huko Ifakara wanamteremsha Twalib kaburini bila mtu wa kukataa. Nililia kwa hasira, na hasira yenyewe sikujua niielekeze wapi.

Nikatafuta la kufanya. Msibani hata asiyefika anatuma kitu. Kutuma hela tu niliona ni ubahili wa moyo, kila mtu anatuma hela. Nikamkumbuka Zena, yuko ndani anaanza eda, miezi minne na siku kumi hatoki, na ndugu wa mumewe wako Kisarawe na Dar es Salaam watataka kumwona kwenye simu. Nikamnunulia bando kubwa kuliko yote yaliyokuwepo. Nikaandika: pole sana shemeji, nimeshindwa kufika, njia mbovu, nimekuwekea bando uongee na ndugu. Nilipoteremka nilijisikia afadhali kidogo. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba nilijisikia afadhali.

Nilifika Ifakara siku ya tano, tope mpaka kiunoni. Njia nzima nilikuwa natayarisha utani wangu. Nimechelewa, basi nitachelewa kwa kelele: nitaingia nalia kilio cha uongo, nitadai jogoo wangu, nitasema Mzaramo amekimbia deni la drafti. Nilifika mpaka mlangoni, nikavua viatu. Zena alikuwa amekaa kwenye mkeka, kanga nyeupe kichwani, pamoja na wifi yake Anifa, dada wa marehemu. Simu ilikuwa mbele yake imelazwa kifudifudi. Kilio changu cha uongo hakikutoka.

Nikatoa pole. Akaitikia. Akaniuliza habari za njia na kama nimekula. Kisha akaniambia, bila kupandisha sauti, kilichotokea.

Jumanne, siku moja kabla ya Twalib kufa, Firdausi, binti wa jirani, alikuja na simu yake kumwonyesha kwamba sauti imebadilika. Simu ya Zena yenyewe ilikuwa imeishiwa bando tangu Jumapili, kwa hiyo gemu yake ilikuwa bado ile ya zamani. Jioni akamwambia mumewe. Twalib aliichukua simu ya binti, akaisikiliza sauti mpya mpaka mwisho, akairudisha.

"Alisema lazima ipo sababu," Zena aliniambia. "Alisema, Masalu akirudi atanieleza."

Nikaviangalia viatu vyangu pale mlangoni.

Alipofariki, Zena aliwaambia wote asiwekewe bando na mtu yeyote. Hakueleza kwa nini, aliona haya, wangesema mjane anawaza gemu. Ndugu waliongea naye kwa simu ya Anifa. Usiku wa kwanza baada ya maziko, wote walipolala, alipanga kuiwasha gemu na kumsikiliza mumewe. Simu ilikuwa imechomekwa kwenye chaji tangu saa nne, pembeni, wakati wanawake wanasoma Kurani. Alipoishika akakuta ujumbe wangu wa pole, na chini yake maandishi madogo kwamba gemu imesasishwa.

Anifa akaichukua ile simu akaiwasha ili nione. Ubao ukafunguka, na sauti ya kijana mchangamfu, kama watangazaji wa redio za mjini, ikasema, "Karibu tena! Leo ni siku nzuri ya kujifunza!" Akaizima.

Zena hakunigombeza. Ningepona kama angenigombeza. Niliinuka nikisema nitairudisha, naijua kazi yangu, mimi ni mtu wa kampuni. Nilimpigia Nelly nikiwa barabarani, bado sijavaa viatu. Alilia naye, nasema haki yake. Aliandika barua makao makuu siku ile ile, na jibu lilikuja baada ya siku tatu: sauti zilizoondolewa kwa sababu ya chuki za kikabila zinafutwa kabisa na hazihifadhiwi, na wanamshukuru mwakilishi wa bonde la Kilombero kwa fomu aliyoijaza kwa ukamilifu. Nakala ya barua hiyo waliniletea na mimi. Ninayo mpaka leo.

Nikaanza kutafuta simu isiyo na bando. Kwa wiki mbili nilizunguka kila kijiwe, nikawaendea wote waliofanya majaribio, nikavuka kwenda Lupiro, nikarudi Mchombe. Nilikuwa nawaambia watu nikuonyeshe kitu kwenye simu yako, nafungua, na yule kijana ananikaribisha nijifunze. Kazi yangu mwenyewe ilinishinda. Ni mimi niliyewafundisha watu hawa wasikae bila bando, ni mimi niliyewaletea vocha za kampuni za bure kila mwezi ili toleo jipya liwafikie mapema. Mzee mmoja wa Mchombe alikuwa na simu iliyozimika tangu mwezi wa pili, nikaifungua, nikajaribu kuiwasha. Kumbukumbu yake ilikuwa imeoza kwa maji.

Niliirudisha fulana na pikipiki kwa Nelly. Kisha nikaenda kwa Zena mikono mitupu.

Ilikuwa baada ya swala ya alasiri. Anifa alinifungulia, akakaa pale pale karibu na mlango akichambua mchele. Nilimweleza Zena kila kitu, na fomu pia. Mpaka siku ile alikuwa hajui habari ya fomu. Nilimwambia jinsi nilivyojibu ndiyo mpaka chini, na jinsi nilivyopita pale benchini jioni zote zile nikiwa na neno mdomoni. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilidhani atanifukuza, na nilikuwa tayari.

Kisha akauliza, "Wewe unayakumbuka yote?"

Nikasema nayakumbuka. Nani atayakumbuka kama si mimi, nilitukanwa yale siku mbili mfululizo na miaka sita kabla yake.

"Basi nitanie mimi," akasema. "Niseme kama alivyokuwa anakusema wewe."

Sikuelewa. Anifa ndiye aliyeinuka, akaenda ndani, akarudi na ubao wa duka na mfuko wa vizibo. Akauweka kwenye mkeka katikati yetu, akapanga vizibo, akarudi kwenye mchele wake. Zena akasogeza kizibo cha kwanza.

Nikakohoa kile kikohozi. Nilikuwa sijawahi kumwiga, na kikohozi kilitoka chenyewe, kibaya lakini chake. Nikamuuliza Masalu kama amelala, ng'ombe wake wameshaingia kwenye mpunga wa watu. Zena akasogeza. Nikasema Msukuma akiona kingi anadhani ni fahali. Mabega yake yakatikisika kidogo chini ya kanga nyeupe, akacheka, cheko la jikoni lile lile, na Anifa naye akacheka na ungo mkononi. Nikaendelea. Nilijitukana mwenyewe na ukoo wangu na ng'ombe wa baba yangu, kwa sauti ya mtu ambaye sikumzika, na vizibo vikawa vinapungua ubaoni. Alikuwa anacheza vizuri, Twalib alikuwa amemfundisha bila kujua.

Nilisema yote isipokuwa moja. Nilipofika pale nikajifanya nawaza kete. Zena naye hakusogeza. Alikuwa amelisikia jikoni kila siku kwa mwaka mzima, analijua lilipo.

"Limebaki la mazishi," akasema.

Nikamwomba kwa macho. Akaendelea kusubiri, mkono juu ya kizibo.

Nikakohoa. Nikasema, "Wewe hata siku ya kunizika utachelewa. Utasema njia mbovu."

Baada ya sentensi ile kwenye gemu kulikuwa na nafasi ya kimya, pale walipokata jibu langu, ili mchezaji ajibu mwenyewe. Sote watatu tuliiacha ile nafasi ipite. Nilifungua mdomo kwa mazoea, na jibu lilikuwepo, nalijua neno kwa neno, lina ahadi ndani yake na jogoo. Zena alisogeza kizibo chake, akala kete zangu mbili, akaniambia ni zamu yangu.